Sura ya 6: Kipimo cha Mtoto

Kwenye ufuko wa ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi ya watu walioishi katika bonde letu la Lualaba kama miaka 1,000 iliyopita. Jacques Nenquin alitangulia mwaka 1957, Jean Hiernaux akaja mwaka uliofuata, na Pierre de Maret akarudi pale miaka ya 1970. Walikuta jamii ya wavuvi waliojua kufua chuma na shaba, waliowavisha wafu wao bangili na mikufu, na kuwazungushia vyungu. Walikuta hata majiko ya udongo ya kubebeka, yenye vishikizo vitatu vya kutegemezea chungu. Mvuvi wa leo anayepika ndani ya mtumbwi angeyatambua mara moja.

Makaburi ya watoto yalikuwa na jambo lake. Vyungu vyake vilikuwa vidogo, na udogo huo haukuwa wa kubahatisha. Wachunguzi walipolinganisha, waliona ukubwa wa vyungu ukipanda na umri wa marehemu: mtoto mchanga vyake vidogo kabisa, mtoto wa kutembea vikubwa kidogo, mtu mzima vya kutosha kupikia familia.

Mimi si mtaalamu wa udongo. Nimesoma habari hizo kama mzazi, na mzazi anaona kitu kimoja tu: mtu aliyeagiza chungu kile alijua mtoto wake alikuwa amefikia wapi. Hakusema, "Nitengenezee cha mtoto," basi. Alionyesha kwa mikono. Na huwezi kuonyesha kwa mikono kimo cha mtoto ambaye hukuwa ukimtazama alipokuwa hai, akila, akikimbia, akilala kifudifudi kwenye mkeka.

Najua makaburi ni mlango mzito wa kuingilia sura inayohusu furaha za nyumbani. Lakini sikupata ushahidi mwingine wa zamani kiasi hicho, hapa kwetu, wa jambo ninalotaka kulisema: shukrani ya mzazi ni kumjua mtoto kwa kipimo cha leo, kwa sababu kesho kipimo hicho hakipo tena. Mengine tunayoyaita shukrani, mbuzi wa kuchinja na misa ya kuombewa, yanakuja nyuma na mara nyingi yanachelewa.

Hapa Kabondo-Dianda, mji wa reli kati ya Bukama na Kamina, kipimo cha kwanza kinachukuliwa hadharani. Siku ya kilo, kina mama wanafika kituo cha afya asubuhi kabla jua halijawa kali, kila mmoja na karti ya mtoto ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Mizani inaning'inia kwenye mti au kwenye boriti ya baraza. Mtoto anavuliwa nguo zote, anatiwa ndani ya kisuruali cha kitambaa chenye mikanda, na anatundikwa. Wengine wanapiga kelele kana kwamba wanauzwa. Wengine, hasa walio na miezi minane au tisa, wanatulia pale hewani wakitazama umati wote chini yao kama machifu. Muuguzi anasubiri mshale utulie, anataja uzito kwa sauti, anaweka nukta kwenye karti, kisha anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita.

Mstari huo mama anausoma hata kama hajui kusoma kitu kingine. Ukipanda, anafunga kitenge chake taratibu na kuchelewa kuondoka ili wenzake wauone. Ukilala, muuguzi anachukua utepe wa mkono. Ni kipande cha plastiki chenye rangi tatu, kinazungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye miezi 6 hadi miaka 5. Milimita 125 kwenda juu ni kijani. Chini ya 115 ni nyekundu, na nyekundu maana yake mtoto anaanza matibabu ya utapiamlo siku hiyohiyo. Katikati ni njano. Siku hizi kina mama wengi wanafundishwa kuutumia utepe wenyewe nyumbani, na nimeona mmoja akiwapima watoto wa nyumba zote tatu zinazozunguka uwanja wake, wakiwemo wawili waliokuwa wameshavuka miaka 5 zamani. Walitaka na wao wapimwe. Aliwapima, akawaambia wote ni kijani, wakaenda zao wakijisifu.

Mtu wa mbali anaweza kuona ajabu kushangilia gramu 200. Asishangae. Maziwa ya Upemba yanatupa samaki, na maji hayohayo yanatuletea kipindupindu ambacho hakijawahi kutuhama kabisa. Mwaka 2017 Haut-Lomami ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Kongo iliyopatwa na mlipuko wa polio, na wachanjaji wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakitumia baiskeli na mitumbwi kufikia vijiji vya maji. Mwaka 2019 surua ikaua zaidi ya watu 6,000 katika nchi nzima, wengi wao watoto wadogo. Katika mazingira hayo mtoto aliyeamka mzima na kudai chakula amekuletea habari kubwa, ingawa anaileta kwa malalamiko na makamasi.

Jambo ninalolikumbuka zaidi katika zile kampeni za polio ni wino. Kila mtoto aliyepewa matone alipakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto ili asirudiwe. Binti yetu wa pili alikataa kunawa mkono huo. Alikula bukari, ugali wetu, kwa mkono wa kulia, kama inavyopasa, na ule wa kushoto akauinua juu wakati wote wa chakula, kidole kimesimama, ili kila mtu mezani akione. Bibi yake akamwambia, "Shusha mukono, mutoto, hauko mbele ya mwalimu." Hakushusha. Tulimaliza sombe na samaki tukiwa tumeongozwa na kidole cha buluu. Wala sikujua wakati ule kwamba hicho ndicho nitakachobaki nacho kutoka mwaka mzima.

Kipimo cha pili kinafanyika mlangoni mwa shule. Kwa kuwa watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa, vizazi vimepimwa kwa mkono: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Ukilifikia, umekomaa kuanza darasa la kwanza. Hakuna mtoto wa mitaa yetu ambaye hajaufanyia mazoezi mtihani huo. Wanainamisha kichwa, wanavuta sikio kwenda juu, wanadanganya kwa bidii zote. Tangu masomo ya msingi katika shule za serikali yafanywe ya bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mikono juu ya vichwa imeongezeka. Baba anayerudi jioni na kukuta mtoto wake amesimama uani katika mkao ule, ulimi nje, vidole vikipapasa hewani karibu na sikio, anapaswa kuahirisha habari ya kazi na kukaa chini atazame. Mwezi mmoja baadaye vidole vitafika, na mkao ule hautaonekana tena nyumbani mpaka mdogo wake aanze.

Kupima peke yake hakutoshi, wala si kila anayepima ana shukrani. Historia ya Katanga yetu ya zamani inatufundisha hivyo kwa ukali. Katika miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilipochoka kuajiri wanaume wapweke wanaokuja na kuondoka, ilianza kuwataka wafanyakazi waishi na wake zao kambini. Kampuni ikawapa mama posho, ikawapima watoto, ikawalisha, ikawasomesha. Mizani ilikuwa ileile. Ila aliyeisoma alikuwa akihesabu vibarua wa miaka 15 ijayo. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2001, kuhusu familia hizo na jinsi kampuni ilivyochukua nafasi ya baba mpaka baba mwenyewe akabaki kama mgeni anayeleta mshahara. Kampuni ya reli nayo ilikuwa na makambi yake, hospitali zake na shule zake, na wazee wa hapa wanaikumbuka kwa upendo ambao sitawanyang'anya. Lakini mzazi wa aina hiyo anaweza kufunga ofisi. Kuanzia mwaka 2003 Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, iliwaaga zaidi ya wafanyakazi 10,000, na nyumba nyingi za Katanga zikagundua kwamba baba wa pili ameondoka na wa kwanza hajazoea kukaa sebuleni.

Nimewaona baadhi ya wanaume hao wakijifunza ubaba wakiwa na mvi. Haikuwa rahisi. Mtu aliyekuwa akitoka alfajiri watoto wamelala na kurudi usiku wamelala, sasa anawakuta macho siku nzima, na hajui yupi anapenda ukoko wa bukari na yupi anaogopa kuku.

Kuna mtu mwingine aliyepitia njia hiyo akiwa hana mtoto hata mmoja. Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alizaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933. Alifanya kazi miaka mingi kati ya Waluba wa huku kwetu, upande wa Kamina, na kutokana na Waluba hao akaandika kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichochapishwa kwa Kifaransa mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945 na kubishaniwa mpaka leo. Wabishi wana hoja: alitaka kusema kwa niaba ya mamilioni ya watu kwa mpigo. Mimi kitabu hicho nakiacha kwa walimu wa vyuo. Kilichonivutia ni alichofanya baadaye. Mwaka 1953, karibu na Kolwezi, kati ya familia za wachimbaji wa shaba, aliacha kuwahubiria watu na kuanza kuwauliza wanataka nini hasa katika maisha. Majibu aliyoyasikia aliyakusanya chini ya vichwa vitatu: uzima, uzazi, mapendo. Kutokana na mikutano hiyo ikazaliwa Jamaa, chama cha mume na mke, ambamo watu hawakuitana kwa cheo bali baba na mama. Walikutana majumbani jioni, wanandoa kwa wanandoa, wakaelezana mambo yao, yakiwemo yale ambayo mwanamume wa kambini hakuwa amezoea kuyasema mbele ya mkewe.

Jamaa ilipata matatizo yake na maaskofu, na Tempels mwenyewe alirudi Ubelgiji mwaka 1962 na kufia huko mwaka 1977. Lakini wazee waliopita mle wanatambulika. Ukimtembelea mmoja wao, kabla hajakuuliza kuhusu bei ya mahindi, atakuuliza majina ya watoto wako, mmoja mmoja, na atangoja umalize. Ukiruka mmoja atajua. Mapacha ndio wanaomfurahisha zaidi, kwa sababu majina yao huku tunayajua kabla hawajazaliwa: Kyungu wa kwanza, Kabange wa pili. "Na Kyungu yeye anafanya nini sasa?" anauliza. Hataki kujua atakuwa nani. Anataka kujua anafanya nini sasa, wiki hii, na jibu zuri ni kama, "Ameanza kupiga mluzi na hatunyamazishi tena."

Sisi wengine tumezoea kungoja siku kubwa. Na Kongo ina siku moja kubwa kuliko zote za mzazi: siku ya matokeo ya mtihani wa serikali. Simu zinalia, mtu anapiga ukelele kwenye mtaa wa pili, na kabla hujavaa viatu uwanja umejaa. Aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, shati lake la shule linaandikwa kalamu mgongoni, anapitishwa barabarani watu wakiimba. Mama anagaragara chini. Baba ambaye hajawahi kuonekana akicheza anacheza. Nami sina neno baya juu ya siku hiyo. Poda ile imetulipa karo za miaka na usiku wa taa ya betri iliyokuwa inazimika kila ukurasa.

Neno langu ni kwamba kijana anayemwagiwa poda si yeye tunayemlilia. Sikilizeni kina mama wanavyosema wakiwa pale chini mavumbini. Hawaitaji diploma. Wanataja siku aliyopata homa usiku treni haipo. Wanataja alivyokuwa akibeba kiti chake mwenyewe kwenda darasani. Wanataja chandarua alichokitoboa ili apitishe mguu. Wanalipa kwa mara moja shukrani za miaka 18 walizokuwa wanadaiwa. Na mwenyewe amesimama, mweupe kama mzimu, anataka tu kwenda kwa wenzake.

Reli imetupa nafasi ya kuchunguza jambo hili, kwa sababu inatulazimisha kusubiri. Njia ya Bukama hadi Ilebo, mji ulioitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928, na tangu hapo mji wetu umeishi kwa honi. Treni ya abiria haifiki kwa saa bali kwa siku, na ikifika, kituo kizima kinageuka soko: samaki wakavu, mihogo, ndizi, makaa kwa gunia, mikono inapita madirishani, chenji inarushwa. Kabla ya hapo kuna kungoja. Familia zinazomsafirisha mtu zinalala kituoni juu ya mizigo yao. Mtoto anayeondoka kwenda Lubumbashi kusoma anapewa na wazazi wake, bila wao kupanga, usiku mmoja au miwili ya ziada. Hakuna la kufanya. Mawaidha yamekwisha tangu jana. Ndipo wanaanza kuongea ovyo, nani alianguka kwenye kisima, nani alikuwa anakula udongo, na baba anapokea habari za nyumba yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nimesikia watu wakiilaani treni ile kwa kuchelewa, na wana haki, bidhaa zinaoza. Ila usiku ule wa kungoja nisingependa ufupishwe.

Kisha mzazi anarudi nyumbani, na huko kuna kipimo cha mwisho, ambacho hakuna kituo cha afya kinachokiandika. Unga wetu tunanunua kwa meka, kile kipimo cha bati ambacho kila muuza unga wa Katanga anakibonyeza chini kidogo ili kiingize pungufu. Mwenye nyumba anajua meka yake. Watoto wakiwa wadogo, moja inavuka jioni na asubuhi inabaki ya kukaangia. Vijana wawili wakifika miaka 14, moja haioni usiku. Wakati huo mzazi analalamika, na mimi nililalamika kwa sauti kubwa kuliko wengi: niliwaita nzige, nikauliza kama matumbo yao yana mlango wa nyuma. Mke wangu hakulalamika. Alikuwa akisimama na mwiko juu ya sufuria, anawatazama waliokuwa wakinawa mikono, anahesabu mabega siyo vichwa, kisha anaongeza unga mkono mmoja. Hakutumia kikombe. Alipokuwa anakosea, alikosea kwa kuzidisha.

Mkubwa alipoondoka, ule mkono mmoja wa unga uliendelea kuingia sufuriani kwa muda mrefu. Bukari ilibaki, tukawapa kuku, nao wakanenepa bila kujua sababu. Sikumrekebisha. Baadaye mkono ukapungua wenyewe, na siku ulipopungua niliona, lakini tulizungumza habari za paa.

Halafu akapiga simu kutoka Lubumbashi. Alikuwa amehamia chumba kimoja na wenzake watatu, na ilikuwa zamu yake kupika. Kelele za jiko la makaa zilisikika, na mtu nyuma yake alikuwa anamcheka.

"Mama," akasema, "bukari ya bantu bane, nusu ya meka inatosha?"

Mama yake akamuuliza kama yeye mwenyewe yumo katika hao wanne.

"Niko ndani."

"Basi pika meka muzima," akamwambia, "na ubakishie benzako."